Mawe ya Mizani Bwawani

Kijiji cha Ujamaa Bwawani,
Puge, Nzega.
7 Novemba 1976

Dada yangu Zeyana binti Nabhan,

Shikamoo. Barua hii ikukute na afya njema, wewe na wote wa nyumbani Tabora. Mimi ni mzima kuanzia kiunoni kwenda juu. Kuanzia hapo kwenda chini naomba nisiulizwe.

Mvua za kwanza zimenyesha na mbu wameshapata habari. Kaburi la marehemu mke wangu Semeni nimelipalilia, nikiwa nimekaa kwenye kigoda na kukisogeza kidogo kidogo, kwa hiyo nilianza asubuhi nikamaliza adhuhuri. Nisalimie shoga yako Tufaha na umpe hongera kwa harusi ya mjukuu wake.

Sasa dada, nikwambie lililonifanya nishike kalamu. Unajua kwamba duka langu lilipofungwa kwenye ile Operesheni Maduka, niliambiwa nichague: nirudi mjini au niingie kijiji cha ujamaa. Nikachagua kijiji, kwa sababu watu wa hapa nimewauzia chumvi tangu nikiwa na nywele, na kwa sababu Semeni yuko hapa. Sikuuliza kazi ya kijiji ni nini. Kazi ya kijiji ni jembe.

Huku wanalima kwa ngoma. Wanajipanga mstari mmoja, mpiga ngoma wao Lugembe anapiga, majembe yanapanda na kushuka pamoja. Ukichelewa hawakugombezi. Wanalima kulia kwako, wanalima kushoto kwako, wanakutana mbele yako na kuendelea, na wewe unabaki umesimama kwenye kisiwa cha majani katikati ya shamba. Hutoki humo mpaka ndugu yako aje akukomboe kwa jembe lake. Mimi ndugu hapa sina. Nilikaa kisiwani mpaka walipokwenda kula, na wimbo wakanitungia: Mwarabu wa duka yuko kisiwani, nani atampelekea mtumbwi?

Siku ya pili goti la kushoto lilivimba hata suruali haikupita. Mwenyekiti wetu, Masolwa, alinijia nyumbani kwa upole kabisa, na upole wake ndio ulionitisha. Alisema, "Mzee Salmini, tunakupenda. Lakini kijiji hiki hakina kazi ya kukaa." Mwezi wa pili kutakuwa na mkutano wa kuandika majina ya wanakijiji. Mwenye kazi ataandikwa. Asiye na kazi ataagwa.

Najua utakalosema. Utasema nirudi Tabora, unikalishe barazani na tasbihi na bakuli la uji mpaka Mungu anichukue. Dada, sijakataa kuchukuliwa. Nimekataa kukalishwa. Nipe mpaka mwezi wa pili.

Ndugu yako wa pekee,
Salmini


Tabora
24 Novemba 1976

Salmini mdogo wangu,

Marahaba. Barua yako nimesomewa na macho yangu mwenyewe, miwani bado inafaa. Sisi hatujambo. Maji ya bomba yanakuja yakipenda. Harusi ya mjukuu wa Tufaha ilikuwa nzuri sana, nimeambiwa. Mimi sikwenda, nilikuwa na shughuli. Fundi Kasimiri amenitengenezea kiti, kimekaa vizuri.

Nakutumia chupa mbili kwa mkono wa Shaban, yule dereva wa lori anayekaa Ipuli. Moja ni mafuta ya nyonyo, nyingine ni mafuta ya habasoda yaliyopikwa na kitunguu saumu. Ya kwanza ni ya magoti, ya pili pia ni ya magoti. Jipake usiku, ufunge kwa kitambaa cha moto, usikanyage baridi, usikae penye unyevu, na maji ya kuoga yawe ya kuchemsha. Baridi yabisi adui yake ni ukavu. Mtu wa magoti kama yako akikaribia maji anajitafutia kitanda.

Kuhusu kisiwa nilicheka, kisha nikasikia vibaya kwamba nimecheka. Mtoto wa Nabhan anaachwa shambani kama kisiki. Rudi nyumbani. Nani kakwambia kukaa barazani ni kukalishwa? Baba yetu alikaa hapo miaka yake ya mwisho na watu wote wa mtaa walikuja kumwamkia. Chumba chako nimekifagia.

Mwezi wa pili ni mbali kwangu. Njoo na lori hili hili.

Mimi dada yako,
Zeyana


Bwawani, Puge
8 Desemba 1976

Dada yangu mpenzi,

Shikamoo, na mkono wa Idi. Hapa Idi ilikuwa ya mbuzi mmoja na Waislamu wachache, lakini wasio Waislamu walikuja wote, kwa hiyo ilifana. Mafuta yamefika. Nimejipaka yote mawili na sasa mbwa wa Lugembe ananifuata kila niendako.

Nina habari njema. Serikali imetuletea masanduku ya vifaa pamoja na mwalimu wake, kijana wa Mtwara aitwaye Sylvester, atakayekaa nasi mpaka mwisho wa mwezi wa tatu. Ni mafunzo ya ufundi wa bwawa. Wanafunzi ni mimi. Jembe halimo, kuinama hakumo, na sehemu kubwa ya kazi mtu anakuwa kama amelala. Masolwa amesema nikihitimu kabla ya mkutano atalifikiria jina langu.

Ili nisome vizuri naomba unitumie vitu vichache kwa Shaban. Kwanza, yale mawe ya mizani ya duka langu yaliyo kwenye kabati lako la uani, madogo na ya kati, lile kubwa liache. Pili, mpira wa ndani wa gurudumu uliochakaa. Tatu, kopo la mafuta mazito ya kujipaka yasiyo na harufu. Nne, turubai gumu la kushonea mkanda. Tafadhali usiniulize ni vya nini, kwa sababu nitalazimika kukujibu.

Na wewe, kiti cha fundi Kasimiri ni cha nini? Nyumba ile ina viti vya kutosha maulidi mazima.

Ndugu yako mtiifu,
Salmini


Tabora
26 Desemba 1976

Salmini,

Marahaba. Sisi wazima. Nyumbani salama. Tufaha amekusalimu. Sasa nisikilize.

Mtu amefungiwa duka. Mtu amehamia kijiji cha mbali. Miezi haijapita mingi, mtu huyo anaagiza mawe ya mizani, lakini lile kubwa hataki, anataka madogo. Mawe madogo hupimia nini? Hupimia sukari ya kujificha. Turubai la kufunikia, mpira wa kufungia, na mafuta mazito, hayo bado sijajua, lakini nina hakika yana kazi yake. Na kazi yenyewe mtu anaifanya akiwa kama amelala. Salmini, kazi ya namna hiyo huku mjini inaitwa magendo, na wanaoifanya wanalala kweli, lakini wanalala ndani.

Nilimuuliza Shaban anijulie huyo Sylvester ni nani. Anasema ni mtu wa kimya, anakaa na masanduku usiku na mchana, na masanduku yana mashine inayonguruma. Mashine ya nini? Mnasaga?

Nilitaka kuyatupa mawe chooni. Kisha nikakumbuka baba alivyokuwa akiyapangusa kila Ijumaa kabla hajakupa wewe, nikashindwa. Nimeyafunga kwenye kanga yangu ya zamani na nimeyasomea. Nakutumia kwa sababu umeomba, na tangu ukiwa mdogo sikuweza kukunyima kitu ulichokiomba ukiwa umeinamisha kichwa, na barua yako niliiona imeinamisha kichwa. Ukikamatwa, usiseme yametoka kwangu.

Kuhusu kiti, kiti ni kiti.

Zeyana


Bwawani, Puge
12 Januari 1977

Dada yangu,

Shikamoo. Mawe yamefika salama ndani ya kanga, na kanga nimeitundika ukutani, imeniletea nyumbani hapa hapa.

Wallahi, billahi, hakuna sukari. Mawe yale tangu yafike hayajapima chembe ya kitu cha kuuzwa. Yanapima kitu kimoja tu, na kitu hicho hakiuziki hata kikitiwa bei ya chini. Sylvester ni kijana mwaminifu, kila Jumapili anatembea mpaka misheni na kurudi. Mashine inayonguruma ni ya kujaza hewa. Hewa, dada. Hakuna sheria ya kukataza magendo ya hewa.

Huku hali si nzuri. Mvua imekatika tangu mwaka uanze. Mpunga uko kitaluni, unageuka njano, na majaruba ya kuupandikizia yamepasuka. Cha kuudhi ni kwamba bwawa limejaa pomoni hapo juu yetu, lakini mlango wake wa chini, ule wa chuma unaopeleka maji mashambani, umekwama na hakuna anayeufikia. Watu wanakaa ukingoni wanayatazama maji kama watu wanaotazama chakula dirishani.

Magoti yangu, utafurahi, yana nafuu kubwa. Juzi nilisimama wima bila fimbo kwa muda mrefu, maji yakiwa shingoni. Nalowesha miguu kidogo bwawani kwa ajili ya dawa.

Umejibu kwamba kiti ni kiti. Mimi nimeuza maishani mwangu, dada, najua mtu anavyoongea akiwa anaficha kitu chini ya meza.

Salmini


Tabora
23 Januari 1977

Salmini bin Nabhan,

Salamu nitaandika mwishoni, nikikumbuka.

Shaban amerudi. Alikuja moja kwa moja kwangu na lori lake, hakupita hata kwake Ipuli, na mkewe amenilalamikia. Nilimpa chai hakuinywa. Nitayaandika aliyoyasema kama alivyoyasema.

Alisema alikukuta ukingoni mwa bwawa umekaa juu ya mkokoteni wa ng'ombe. Mgongoni umefungwa mitungi miwili ya chuma. Miguuni umevishwa viatu vya mpira vipana kama miguu ya bata, na huyo Sylvester ndiye aliyekuvisha kwa sababu wewe huwezi kuinama. Usoni una kioo. Mdomoni una bomba. Na kiunoni, juu ya kikoi, una mkanda wa turubai umeshonewa mawe ya mizani ya baba yangu. Kisha ng'ombe wakarudi nyuma, mkokoteni ukaingia majini na wewe juu yake kama gunia, na ukazama.

Shaban alingoja utoke. Hukutoka. Akawauliza watu, wakamwambia subiri. Akasubiri. Akaanza kukusomea yanayosomwa. Alipokuwa katikati ukaibuka mbele yake, ukatoa bomba mdomoni, ukamuuliza bei ya nyama Tabora imefikia wapi. Shaban anasema alikimbia, na mimi simlaumu.

Salmini, wewe hujui kuogelea. Katika ukoo wetu hakuna anayejua. Babu wa baba yetu alivuka bahari kutoka Omani akitapika njia nzima, alipotia mguu pwani akauliza ni wapi hakuna maji kabisa, wakamwonyesha njia ya misafara, akatembea miezi mpaka Unyanyembe, hapa hapa Tabora, akaketi, akasema hapa panatosha. Alituleta mbali namna hii ili wewe usife maji. Na wewe umeyatafuta, mtu wa miaka hamsini na minane, mwenye magoti yanayolia kama bawaba, ukajifunga mawe ili uzame vizuri zaidi. Na mimi nilikutumia mawe yenyewe, na nikayasomea.

Sikulala. Ndugu zetu wote nimewazika mimi. Umebaki wewe. Nikikukosa wewe hakuna atakayekumbuka sauti ya mama. Nakwambia wazi kwa sababu ukikaa karibu sikwambiagi: naogopa.

Shaban atapita huko wiki ijayo. Panda lori.

Wa alaikum salaam.
Zeyana


Bwawani, Puge
9 Februari 1977

Dada yangu mpenzi Zeyana,

Shikamoo, na nisamehe. Shaban alikuja, hakushuka kwenye lori, alinipa barua yako kupitia dirisha na kuondoka na vioo vimefungwa. Sikupanda. Nilikuwa na miadi, na sasa nitakwambia yote, kwa sababu yamekwisha na mimi ni mzima, mkono unaoandika ni wangu.

Masanduku yale sijui yalikuwa yaende wapi. Pwani, nadhani. Yalifika Puge, na Masolwa akayapokea kwa sababu mali ya serikali hairudishwi. Sylvester alitukusanya ukingoni, akavifungua vifaa, akaeleza kwamba mtu anaweza kuvaa hivi akakaa chini ya maji na kufanya kazi. Lugembe akauliza nani atarithi nguo za huyo mtu. Sylvester akaomba wa kujitolea. Dada, watu waliinuka na kuondoka wote, mpaka mbwa. Mimi kuinuka kwangu unakujua, lazima nishike kitu kwanza, kisha nihesabu. Nilipokuwa bado nahesabu nikajikuta nimebaki peke yangu mbele ya kijana yule, na macho yake yamejaa machozi ya shukrani. Sikuwa na uso wa kumwambia kwamba nilikuwa najaribu kukimbia.

Siku ya kwanza alinipeleka maji ya kiunoni, kisha ya shingoni. Kitu kikatokea ambacho sijui nikieleze vipi. Magoti yalinyamaza. Unajua sauti ambayo umeizoea mpaka huisikii, kama ya saa ya ukutani, halafu saa inasimama? Nilisogeza mguu, ukaenda. Nikaukunja, ukakunjika. Sylvester alidhani nimezidiwa maana nilisimama pale nacheka peke yangu.

Tabu ikawa kuzama. Mkanda wa kuzamishia haukuwemo sandukuni, na mimi kwa tumbo la muuza duka nilielea kama boga. Ndipo nikayakumbuka mawe. Sylvester alinipima, akaongeza moja, akapunguza moja, mpaka nikatulia katikati ya maji sipandi wala sishuki. Nimewapimia watu maisha yangu yote, na siku hiyo nilipimwa mimi. Turubai lilikuwa la mkanda. Mpira wa gurudumu ulikuwa wa kuzibia kioo usoni, na mafuta mazito yalikuwa ya ndevu, kwa sababu ndevu zinapitisha maji na mimi za kwangu sinyoi. Hayo ndiyo magendo yangu yote. Kuingia majini ni raha. Kutoka ndiyo kazi, kwa sababu uzito wote unakungoja ukingoni na kukupanda tena mgongoni. Ndiyo maana ya mkokoteni.

Basi mwisho wa mwezi wa kwanza, mpunga unakaribia kufa kitaluni, Sylvester mwenyewe akaugua sikio. Maji ya bwawa letu si safi. Lilivimba likatoa usaha, akakatazwa maji kabisa. Watu wakageuka wakanitazama. Miezi miwili nilikuwa kichekesho chao, na sasa mpunga wa kijiji kizima uko kwenye magoti ya mtu waliyemwacha kisiwani.

Nilishuka nimefungwa kamba kiunoni. Tulikubaliana, nikivuta mara moja maana yake ni salama, nikivuta mfululizo maana yake nivuteni. Sasa kamba walishika kina nani? Vijana wa jembe, wale wale. Na Lugembe alikuja na ngoma, eti ya kunipa moyo. Nilifika chini, nikapapasa, nikaukuta mlango umebanwa na gogo. Nikavuta mara moja, kuwaambia niko salama. Lugembe akaona kamba imetikisika, akaitikia kwa ngoma. Dada, vijana wale wakisikia ngoma mikono inajiendea. Wakavuta. Wakaanza na wimbo. Nilitoka kwenye tope mgongo mbele, nikapanda ukingo kwa tumbo, kiatu kimoja cha bata kikabaki chini, nikapiga kelele waache, lakini ubeti ulikuwa haujaisha na watu wa hapa hawakati wimbo katikati. Walinifikisha mpaka kwenye majaruba. Hapo ndipo ulipoisha.

Nililala siku mbili. Masolwa alikuja kunitazama, akasema kama nimeshindwa hakuna atakayenicheka. Nikajua maana yake. Maana yake ni lori la Shaban.

Siku ya tatu nikashuka tena. Safari hii mke wa Lugembe, Nyamizi, mwanamke mkubwa wa umbo na wa akili, aliichukua ngoma ya mumewe, akaiweka chini, akaikalia. Akasema hainuki mpaka mzee aibuke.

Kule chini hakuonekani kitu. Ni giza na baridi, nami nikafanya kazi kwa vidole. Gogo lilikuwa limelala chini ya mlango, na nikiwa nimeelea sikuwa na nguvu ya kulivuta. Ilibidi nijikite. Kwa hiyo nikapiga magoti.

Nimeandika maneno hayo nikaweka kalamu chini kidogo. Nimepiga magoti, dada. Yote mawili, kwenye tope, na hayakuuma. Tangu mwaka aliokufa Semeni ninasali nimekaa kwenye kigoda. Hata siku ya kumzika nilisimama pembeni, wengine wakaingia kaburini kumpokea. Sikumwambia mtu jinsi lilivyonikaa hilo. Basi nilikaa pale chini kwa magoti muda mrefu kuliko ilivyohitajika, na kabla sijaligusa gogo nikainama mbele mpaka kioo kikagusa tope. Najua haikuwa sala. Kibla sikukijua, na mdomoni nilikuwa na bomba. Lakini nililia, na nakwambia kulia ndani ya kioo ni jambo la kipumbavu kwa sababu huwezi kujifuta.

Kisha nikalivuta gogo. Lilitoka ghafla, mlango ukaachia, na maji yakaanza kuondoka na mimi. Hapo niliogopa kweli. Nikavuta kamba mfululizo, na vijana, kwa kuogopa kosa la juzi, wakaanza kujadiliana kama huo mvuto ni wa aina gani. Nyamizi ndiye aliyewauliza, bila kuinuka kwenye ngoma, kama wanataka maiti ya mzee au wanataka mzee. Wakavuta.

Nilipotolewa nililazwa ukingoni, nikasikia maji yanaingia kwenye majaruba. Hakuna aliyeimba. Watu walikwenda kuyatazama tu yakijaza nyufa.

Mkutano ulikuwa jana. Masolwa alisimama akamwambia karani mbele ya watu wote, "Andika Salmini bin Nabhan. Kazi yake, chini ya maji." Nimeandikwa, dada. Wimbo nao wameugeuza, sasa kisiwa ni changu na wao ndio wanaoomba mtumbwi.

Sitarudi kukaa barazani. Lakini sitaki uogope, na hilo ndilo linaloniuma. Niambie nifanye nini usiogope. Na niambie kiti ni cha nini. Mimi nimekwambia la kwangu.

Mdogo wako, mwanakijiji,
Salmini


Tabora
20 Februari 1977

Salmini mdogo wangu,

Marahaba, marahaba, marahaba. Nimeisoma barua yako mara nyingi. Kipande cha ngoma nimemsomea Tufaha, akacheka mpaka akashikwa na kwikwi. Kipande cha kule chini sikumsomea mtu.

Hongera ya kuandikwa. Baba angesema ni upuuzi, kisha angewaambia watu wote msikitini.

Umeniuliza kiti. Fundi Kasimiri alikitengeneza kifupi, kipana, bila mikono, nimekielekeza Kibla chumbani kwangu. Tangu mfungo wa Ramadhani sijaweka paji la uso chini. Magoti yako na yangu yametoka kwa mama mmoja, ulifikiri yangu yangefuata ya nani? Harusini sikwenda kwa sababu wanaketi mkekani, na nikiketi mkekani wanawake wawili wanahitajika kuniinua, na wote watatazama. Nilikutaka urudi nyumbani, nikasema ni kwa ajili ya magoti yako. Nilitaka tu mtu wa kukaa naye ambaye naye hawezi kuinuka.

Sasa usinijibu kwa maneno mengi. Shaban nimemwomba, amekataa, nimemwomba tena kupitia kwa mkewe, amekubali. Tutafika kwenu Jumatano. Mwambie Sylvester asiondoke, na sikio lake nimemwekea mafuta. Nguo nimeshona mwenyewe, ya kitambaa kizito, inanistiri kuanzia kichwani mpaka vidoleni, kioo kitakaa juu yake. Wanaume wote waondoke ukingoni isipokuwa wewe na huyo mwalimu, na wewe utazame ng'ombe. Kamba washike wanawake. Mawe ya baba sihitaji, nimekula pilau za Tabora miaka sitini na mbili, nitazama kwa uwezo wangu.

Sitaki kufungua mlango wa mtu. Nataka unipeleke mahali pasipo na kina, penye tope laini, unioneshe Kibla kabla sijashuka, nipige magoti mara moja, kisha mnitoe.

Na Nyamizi umwambie ainuke amrudishie mumewe ngoma. Lugembe akae nyuma ya kichaka apige kwa nguvu zake zote, maana kunitoa mimi majini bila wimbo hakutawezekana.

Dada yako,
Zeyana binti Nabhan